Mkaja wa Rangi ya Jivu

Bernadeta alipoambiwa kwamba rangi ya sendofu ya mwanawe anayeolewa ni kijivu, alitema mate. Wala hakwenda kutema kando kwa adabu. Alitema palepale, mbele ya wifi yake Jenipher, ambaye alikuwa ameendesha gari kutoka Mbweni mpaka Mbagala Rangi Tatu kuleta habari hiyo, na sasa amesimama mlangoni pa banda la chakula akiwa ameinua pindo la gauni lisiguse chini.

"Kijivu?" Bernadeta akauliza. "Kijivu hikihiki cha jivu?"

"Wifi, usiseme kijivu. Sema grei. Grei na pichi. Mjini kote saa hizi watu wanaolea grei."

"Mie naivaa kila siku asubuhi, wala sijawahi kualika mtu aje kunitazama."

Jenipher akacheka kidogo kwa puani, akamwekea juu ya benchi kifurushi cha kitambaa. "Sare yako hiyo. Peleka kwa fundi mapema. Asiye na sare hakai meza kuu, ndivyo kamati ilivyopitisha." Akageuka akaondoka, akikanyaga kwa ncha za viatu kati ya maganda ya ndizi na maji ya kuoshea vyombo.

Bernadeta alibaki anakitazama kile kitambaa. Jamani, mtu anakaa Rangi Tatu, mahali ambapo hata jina lake lina rangi za kutosha, halafu anatoka mtu Mbweni anamletea ya nne, na katika rangi zote alizoumba Mungu anachagua hiyo! Maana kama kulikuwa na kitu kimoja duniani ambacho mwanamke huyu alikichukia, ni jivu. Alikuja Dar kutoka Masasi akiwa mke mpya wa Alfonsi, fundi mwashi, na tangu mwashi huyo alipoanguka kutoka juu ya jengo na kufa, yeye amekuwa akipika kwa ajili ya mafundi gereji na wapakiaji mizigo. Mafiga yake ni ya kuni, kuni zenyewe ni vipande vya mbao za masalio. Jivu lilimwingia kwenye kope, kwenye masikio, kwenye mikunjo ya shingo. Akilala, mto unakuwa na jivu. Akikohoa, ndilo analotema. Jivu pekee alilowahi kulivumilia ni lile la padri Jumatano ya Majivu, na hata hilo alikuwa akitoka nje ya kanisa tu, kidole kinapanda kwenye paji la uso.

Na kuna kupauka. Asiyejua maana ya kupauka aulize mtoto wa maskini. Ni ile ngozi inayokauka ikawa nyeupenyeupe kwenye magoti na viwiko, na ukijikuna kidogo kucha zinaandika. Mwanawe wa pekee, Loveness, alipoanza darasa la kwanza, wenzake walimwita Jivu. Alirudi nyumbani analia. Tangu siku hiyo Bernadeta hakumruhusu kutoka mlangoni bila kumkalisha katikati ya mapaja yake na kumpaka mafuta ya nazi, kuanzia kisogoni mpaka katikati ya vidole vya miguu. Alimpaka mpaka mtoto anang'aa, mpaka nzi wakitua wanateleza. Kulikuwa na siku chungu halikuwa na mafuta ya kukaangia, lakini miguu ya Loveness ilikuwa nayo.

Alipomaliza darasa la saba ndipo Jenipher alipokuja. Jenipher ni dada wa marehemu Alfonsi, ana kazi nzuri ya ofisini, ana nyumba, ila hakujaaliwa mtoto. "Nipe huyu nimsomeshe," alisema. "Ni damu yangu." Bernadeta akatoa. Alidhani anaazimisha, kumbe mwenzake alidhani amepewa. Mtoto akaenda Mbweni, akasoma, akapata kazi ya benki, akapata mchumba, kijana mmoja wa Kichaga anaitwa Eliaichi, kwao Madale. Kila mwaka safari za Loveness kuja Rangi Tatu zilipungua, na kila alipokuja alikaa kidogo zaidi. Bernadeta hakusema kitu. Alikuwa anasubiri mkaja.

Na mkaja ndio habari yenyewe. Mwanamke akishajifungua, hufungwa kitambaa tumboni, kinakazwa barabara ili tumbo lirudi mahali pake. Kitambaa hicho ndicho mkaja. Binti akichumbiwa, watu wa upande wa mwanamume, pamoja na vyote vinginevyo wanavyoleta, humletea mama wa binti kitambaa chenye jina hilohilo, kama kumwambia tumbo lako tumeliona. Zamani kilikabidhiwa uani, wanawake kwa wanawake. Siku hizi kinakabidhiwa ukumbini, jukwaani, muziki unapiga na kamera zinamulika, na mama anafungwa kiunoni mbele ya watu. Hicho tu ndicho Bernadeta alichokitaka. Hakutaka shukrani, hakutaka zawadi. Alitaka kusimama siku moja mbele ya watu na ijulikane kwamba yule msichana mzuri katoka humu.

Jumapili iliyofuata kamati ilikutana sebuleni kwa Jenipher, baada ya misa. Bernadeta alikwenda. Makochi yalikuwa ya kijivu, mapazia ya kijivu, zulia la kijivu. Loh! Alivua ndala mlangoni, akapewa stuli karibu na mlango wa jikoni, akakaa na pochi yake mapajani.

Ajenda ya kwanza ilikuwa kadi za mwaliko. Katibu alikuwa Mwalimu Ferdinand, binamu wa marehemu, anayefundisha Kiingereza sekondari huko Temeke. Alisoma maandishi ya kadi, akafika penye rangi, akataja herufi moja moja: g, r, e, y.

"Hapo ni a," akadakia Bwana Benson, jirani wa Jenipher, aliyewahi kukaa Marekani na hakupenda mtu asahau. "G, r, a, y."

"Kwa Kiingereza cha Waingereza ni e."

"Na kwa cha Wamarekani ni a. Tazama hata simu yangu inavyoandika."

"Simu yako imesoma chuo gani?"

Hapo moto ukawaka. Mmoja akasema zote sahihi. Mwingine akasema haiwezekani zote ziwe sahihi, sasa shule tunapeleka watoto wa nini? Mama mmoja mnene akapendekeza waandike zote mbili na mkwaju katikati. Jenipher akakunja nne, akatafakari, akasema, "Jamani tuangalie. Tukiandika e watasema tumesoma. Tukiandika a watasema tumesafiri. Tunataka ipi?" Na watu wazima, wenye akili zao, wazazi wenye watoto, wakakaa kufikiria hilo. Chai ikapoa. Watu hawa walikuwa hawajamwuliza Bernadeta hata kama amefika salama.

"Mwalimu, samahani," akasema. "Mie sijasoma sana. Neno lenyewe maana yake nini?"

Mwalimu Ferdinand akafurahi kweli. Alisimama kabisa, akasahau kuwa yuko sebuleni. "Swali zuri, shemeji. Kwanza ni rangi, iliyoko kati ya nyeusi na nyeupe, kama jivu. Pili, Waingereza wanalitumia kwa mvi, kichwa kikianza kuzeeka. Tatu, siku yenye mawingu isiyo na jua. Nne, mtu aliyepooza, asiye na furaha. Tano, jambo ambalo hujui ni halali au haramu, liko katikati tu, halieleweki."

"Haya," Bernadeta akasema. "Jivu, uzee, mawingu, kupooza, na jambo lisiloeleweka. Halafu nyie mmekaa mkaona hilo ndilo la kumvika mwanangu anayeolewa?"

Wengine wakacheka, mama mnene akacheka mpaka akapaliwa. Jenipher hakucheka. "Wifi, hayo ni ya kwenye kamusi. Sie tunaongelea muonekano."

"Sawa. Na mkaja nani atapokea?"

Mwalimu Ferdinand akakaa, akaanza kukoroga chai ambayo alishamaliza kuikoroga zamani.

"Hilo bado linajadiliwa," Jenipher akasema.

"Linajadiliwa na nani?"

"Na kamati, wifi."

Wakarudi kwenye kadi. Mwisho walikubaliana kwamba kadi iandikwe kwa e na bango la ukumbini liandikwe kwa a, ili asichukie Mwalimu wala Bwana Benson. Kwa herufi walipata suluhu. Bernadeta aliacha sambusa zake kwenye sahani, akavaa ndala, akaondoka bila kuaga vizuri.

Majibu ya kamati aliletewa na Loveness mwenyewe, katikati ya wiki, mchana, mafundi gereji wakiwa wameshakula. Alishuka kwenye teksi ananukia, kucha ndefu zimepakwa kijivu, akasimama mlangoni palepale aliposimama shangazi yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa." Bernadeta akachukua upande wa kanga yake akafuta benchi, akafuta tena. Loveness akalitazama benchi lakini hakukaa. Tekla, jirani anayemsaidia Bernadeta kupika, aliona hayo yote akiwa anachambua mchele, akainamisha kichwa kwenye ungo.

"Mama, usikasirike," Loveness akaanza.

"Hujasema kitu bado, nitakasirikia nini?"

"Shangazi ndiye atakayepokea mkaja. Kamati imeona hivyo. Kama mama mlezi. Wewe utakaa na wanakwaya, ni karibu tu, utaona kila kitu."

"Kamati ndiyo iliyokuzaa?"

"Mama, jamani."

"Nakuuliza swali jepesi. Imeona hivyo kamati, au umeona hivyo wewe?"

Loveness akatazama kucha zake. Akasema polepole, kwa sauti ile ya kumbembeleza mgonjwa, "Kutakuwa na kamera, mama. Wakati wa kufunga mkaja wanapigaga picha kwa karibu, kiuno na mikono. Sasa mikono yako... Ingekuwa ulikujaga mjini ukasuguliwa saluni, labda. Na watu wa kwao Eliaichi wote watakuwepo."

Wakati huohuo ukuni mmoja ukakatika figani, ukadondoka, jivu likafuka. Si jivu jingi, ni lile la kawaida. Loveness akaruka nyuma, akafunika pua, na ile pua ikakunjika. Bernadeta aliiona. Ilikunjika kama mtu anavyopita penye mzoga barabarani.

"Nenda," akamwambia. "Moshi usije ukakuharibu."

Teksi ilipoondoka, Bernadeta alikaa kwenye lile benchi alilolifuta bure. Alikuwa na hasira, ndiyo, lakini hasira ameizoea. Kilichomtisha kilikuwa kingine. Huyu mtoto alimfuta mavi, akamfuta matapishi, akambinya jipu likatoka usaha likamrukia shavuni, akamtoa funza kwa sindano, na katika yote hayo hakuwahi hata siku moja kumwona kinyaa. Leo kaja msafi, ananukia, na yeye mama mtu anaona kinyaa. Anaiona ile pua na roho inamgeuka. Alimwonea mwanawe kinyaa, akajionea kinyaa yeye mwenyewe kwa kumwonea, na mate yakamjaa mdomoni akakosa pa kuyatema.

Akainuka, akachukua kile kifurushi cha sare ambacho bado hakijafika kwa fundi. Akachukua mkasi. Akakata kile kitambaa kizuri vipande vipande, vya mraba, akavikunja viwili viwili.

"We Bernadeta!" Tekla akapiga kelele. "Una wazimu? Sare hiyo!"

"Vya kuipulia sufuria," Bernadeta akasema. "Sasa imepata kazi." Akachukua vipande viwili, akaipua sufuria ya maharage, na masizi yakashika kwenye sare ya sendofu.

Jioni alifungua sanduku lake la bati. Chini kabisa, chini ya cheti cha ubatizo na shati la Alfonsi, kulikuwa na mkaja wake wa zamani, ule aliojifunga alipomzaa Loveness. Ilikuwa bafta nyeupe. Mama yake Bernadeta alimfundisha hivi, naye alifundishwa na mama yake: mkaja hautupwi. Unautunza mpaka mtoto anatolewa kwako, na siku ukipewa mpya ndipo ule wa zamani unauchoma, maana kazi yake imekwisha. Aliukunjua. Jasho, maziwa, moshi wa nyumba ya chumba kimoja, na miaka yote ile sandukuni vilikuwa vimeugeuza. Pembeni kulikuwa na doa la kahawia ambalo halikutoka kwa sabuni yoyote. Kwingine kote ulikuwa kijivu.

Bernadeta akauangalia, akasonya kwa nguvu. "Hee! Basi na mie sare ninayo."

Siku ya sendofu, Jumamosi alasiri, aliingia ukumbini na Tekla. Alivaa kitenge chake cha rangi ya chungwa chenye majani makubwa, amesuka, amejipaka mafuta ya nazi mpaka shingo inameremeta, na juu ya kitenge, kiunoni, ameufunga ule mkaja. Binti wa mapokezi alimtazama kiunoni, akatazama pembeni. "Mama, wasio na sare wanakaa kule nyuma," akasema. Wala hakumpeleka kwa wanakwaya. Alimpeleka karibu na mlango wa jiko.

Bernadeta akakaa akatazama. Viti kijivu, meza kijivu, maputo kijivu, wamama wa kamati wote kijivu, wanene kwa wembamba. Juu bango limeandikwa kwa a, mezani kadi zimeandikwa kwa e. Ukumbi mzima ulikuwa umepauka. Alitamani apite na kopo la mafuta awapake wote. Na mbele kabisa, kwenye meza kuu, amekaa Loveness na gauni la pichi, amepambwa mpaka hatambuliki, na pembeni yake Jenipher anang'aa kama bati jipya.

Wakatambulishwa wageni, wakakata keki, wakalishana. Ukafika wakati wa mkaja. Wanawake wa Madale wakaingia wakicheza taratibu, mbele yao mama mzazi wa Eliaichi, mwanamke mfupi wa makamo, amebeba kitambaa kilichokunjwa juu ya mikono miwili. Mshereheshaji alikuwa ameelekezwa vizuri aseme mama mlezi. Lakini mdomo wa mshereheshaji wa Dar una njia zake. Kila Jumamosi anasema maneno yaleyale, yakishaanza hayazuiliki.

"Wapendwa, makofi tafadhali!" akanguruma. "Namwomba sasa mama mzazi, nasema mama mzazi wa bibi harusi wetu, asimame apokee mkaja wake!"

Wakasimama wawili.

Jenipher alisimama meza kuu. Bernadeta alisimama mlangoni pa jiko. Muziki uliendelea kidogo, kisha anayepiga muziki naye akaona, akauzima. Bernadeta akaanza kutembea. Ukumbi ulikuwa mrefu na ndala zake mpya zilikuwa zinalia kila hatua, na kila meza aliyopita watu walitazama kiunoni kwake, wakanong'ona. Mama mmoja akavuta kiti chake asiguswe. Bernadeta aliona, akaongeza mwendo.

"Wifi, rudi ukae," Jenipher akamwambia kwa meno yaliyofungwa alipofika jukwaani. "Usituaibishe." Kipaza sauti kilikuwa karibu, ukumbi wote ukasikia.

Mama Eliaichi akasimama katikati yao na kitambaa chake. Alimtazama huyu, akamtazama yule. Hakuwa na nia mbaya. Aliuliza tu kama mtu anavyouliza njia. "Jamani, mama ni yupi?" Akageuka meza kuu. "Loveness, mwanangu, tusaidie. Mama yako ni yupi?"

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama Loveness. Bernadeta naye akamtazama. Miaka yote ile ya kusubiri ilikuwa imefika hapo, kwenye jibu la neno moja.

Loveness akatazama kucha zake. Akafumbua mdomo, akaufunga. Akatazama tena kucha.

"Usimsumbue mtoto," Bernadeta akasema. "Leo amepambwa." Akaupeleka mkono nyuma, akafungua fundo, akaunyanyua mkaja juu kwa mikono yake yote miwili, mikono ileile iliyoungua, iliyopasuka, ambayo kamera haikutakiwa kuiona. Kamera iliiona. "Hiki nilijifunga chumba cha kupanga, Rangi Tatu, mvua inanyesha na yeye pembeni analia. Kilikuwa cheupe. Sasa kimekuwa hiyo grei yenu, mtajua wenyewe mnaiandikaje. Kama mwenzangu ana chake, akitoe hapa, mie narudi nyuma nikakae."

"Jamani, toeni huo uchafu!" sauti ya mwanamke ikasema kutoka meza ya kamati.

Mikono ikamshuka Jenipher, na Bernadeta akajua kwamba amempiga wifi yake mahali pabaya, mahali ambapo hakuna mtu wa kumlaumu. Hata hilo lilimchefua. Hakuja kumvua mtu nguo. Alikuja kufungwa mkaja.

Mama Eliaichi hakuuliza tena. Alikwenda moja kwa moja kwa Bernadeta, akapiga goti kidogo kama mtu mwenye adabu zake, akasema, "Shukrani, mkwe," akamzungushia kile kitambaa kipya kiunoni. Kilikuwa cha hariri. Kilikuwa kijivu pia, maana kamati ilishawaelekeza. Wapishi waliojazana mlangoni pa jiko wakapiga vigelegele, Tekla akawapokea, na meza za nyuma zikaitikia. Mbele palikuwa kimya.

Kwa hiyo Bernadeta aliupata mkaja wake, mbele ya watu, kama alivyotaka. Alipogeuka kumtazama mwanawe, Loveness bado alikuwa ameinamisha uso, na mkono mmoja ulikuwa umefunika pua. Huenda alikuwa analia. Huenda ilikuwa ile harufu ya kitambaa cha zamani. Bernadeta hakusubiri kujua. Alitoka kabla ya chakula, hata soda hakunywa.

Asubuhi yake, Jumapili, aliamka akawasha moto. Kuni ziliposhika, akauchukua ule mkaja wa zamani, akausukuma katikati ya mafiga. Ulitoa moshi mzito wa njano, kisha ukashika.

"Ungeuacha jamani," Tekla akasema.

"Kazi yake imekwisha."

Uliposhaungua wote, akalichota lile jivu kwa kipande cha bati, akaliweka kwenye kifuu, akachukua gunzi la hindi, akakaa chini kusugua masufuria ya jana. Hapo ndipo pikipiki iliposimama nje. Loveness alishuka amevaa dera na ndala, uso hauna kitu, macho yamevimba. Alikuwa ametembea kwenye vumbi kabla ya kupata pikipiki. Miguu ilikuwa imepauka mpaka magotini. Kucha tu ndizo zilizobaki za jana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Bernadeta hakuacha kusugua. Safari hii hakulifuta benchi.

Loveness akalikalia hivyohivyo. Tekla akainuka, akasema anakwenda kuchota maji, na ndoo zilikuwa zimejaa. Wakakaa wawili. Gunzi likakwaruza sufuria.

"Mama, nilishindwa," Loveness akasema. "Nilitaka kusema, mdomo ukakataa."

"Niliona."

"Nimekuja kuomba kitu. Ule mkaja wa zamani. Nataka niwe nao."

"Wa nini?"

"Nikizaa na mie nijifunge."

Gunzi likasimama. Bernadeta akamtazama mwanawe kwa mara ya kwanza tangu afike, akamtazama usoni, kwenye pua.

"Nimeuchoma," akasema.

"Umeuchoma? Lini?"

"Saa hizi. Hili hapa jivu lake, nasugulia sufuria."

Loveness akakitazama kile kifuu. Jivu lilikuwa kidogo tu, laini, limebaki kama kiganja kimoja. Machozi yakamdondokea kwenye dera, wala Bernadeta hakumwambia nyamaza. Kisha akashuka kutoka kwenye benchi, akachuchumaa, akalivuta lile sufuria kubwa la ugali kutoka mikononi mwa mama yake. Akatumbukiza vidole kwenye kifuu, na kucha zake zote, akaanza kusugua. Ukucha mmoja ukavunjika. Akaendelea.

Bernadeta alimwacha. Alikuwa bado na ile ladha mbaya mdomoni, na hakuona sababu ya kujidanganya kwamba imekwisha. Alimtazama anavyosugua vibaya, anavyoruka pembeni, mpaka jivu lote likaisha na mikono yake ikawa imepauka mpaka kwenye viwiko.

"Mafuta yako pale kwenye kopo," akamwambia. "Jipake mwenyewe."